Ujira wa Mkono na Bei ya Beringi

Mlio ulianza kama uvumi wa nyuki walio mbali, na kwa kuwa gari langu ni kuukuu, Land Rover ndefu ya mwaka 1979 iliyounganishwa Thika na ambayo mmiliki wake wa kwanza ilikuwa kampuni ya chai, nilijidanganya kwa muda wa majuma matatu kwamba ni matairi. Gari la umri huo lina sauti nyingi, na mwenyewe huzizoea kama mtu azoeavyo kikohozi cha babu yake aliyelala chumba cha pili: hashtuki kwa kukisikia, hushtuka usiku asipokisikia. Lakini alasiri moja, nikishuka mteremko wa Chemosit baada ya mvua yetu ya kila siku, nilikata kona ya kushoto na uvumi ule ukapanda ukawa ngurumo. Nikakata ya kulia, ukatulia. Nikakata tena ya kushoto, ukarudi. Hapo shaka iliniondoka, kwani gari likikata kushoto uzito wake huelemea magurudumu ya kulia, na beringi inayougua hulalama pale ielemewapo. Nilisimama kando ya barabara, nikagusa kwa kiganja kitovu cha gurudumu la nyuma la kushoto, nikakikuta vuguvugu. Nikazunguka nikagusa cha kulia, nikauondoa mkono wangu upesi kuliko nilivyouweka.

Siandiki haya ili kuwalilia wasomaji hali ya gari langu. Nayaandika kwa sababu ya maneno niliyomwambia fundi asubuhi ya pili yake, maneno ambayo nina yakini yamekwisha kutamkwa na wenye magari wengi baina ya Londiani na Sotik, wakubwa kwa wadogo, na ambayo mimi mwenyewe niliyatamka kwa sauti ya mtu mwerevu. "Fundi," nilimwambia, "badilisha hii ya nje tu, ya ndani naiona bado nzima, na katika ujira unihurumie, maana kazi yenyewe si ya zaidi ya saa moja." Fundi wangu ni mtu mzima, Mkipsigis wa Bureti, aliyejifunza kazi yake katika karakana ya shamba la chai zamani zile meneja alipokuwa akizunguka mashamba kwa Land Rover na nyapara akimfuata kwa baiskeli. Alifuta mikono yake kwa tambara, akalitazama gurudumu, kisha akanitazama mimi. "Sawa, Mwalimu," akasema. Na akafanya kama nilivyomwamuru, kwa muda niliomwamuru, kwa ujira niliomkatia. Hazikupita wiki saba, beringi ile mpya ikafa.

Kama ilivyo dasturi ya wenye magari, nilimlaumu yeye kwanza, na aliyeniuzia kifaa nikamlaumu pili. Ilinichukua siku nzima ya kuketi na kutazama kabla sijatambua kwamba taksiri ilikuwa yangu.

Hoja yangu ni hii. Katika nchi yetu ya chai twalipa bei ya kifaa bila ya manung'uniko makubwa, kwa kuwa kifaa huonekana, hushikika, na hutolewa pamoja na risiti. Bali ujira wa mkono unaokitia kifaa hicho mahali pake twaupigania hadi shilingi ya mwisho, kana kwamba fundi ni mpita njia aliyetusaidia kusukuma. Na kwa kuwa katika kazi ya beringi za nyuma sehemu iliyo kubwa ya thamani imo katika muda na uangalifu, kila shilingi tunayoipunguza katika ujira huenda ikatwe katika umri wa beringi yenyewe. Na mtu anayejua miteremko ya Kericho na Bomet hahitaji kuelezwa nini hukatwa baada ya hapo.

Safari ya pili fundi alitaka siku nzima na beringi nne, mbili kwa kila upande, pamoja na sili zake na mabamba mapya ya kufungia nati. Nikampa vyote, nikaketi juu ya kreti ya soda mlangoni mwa banda lake.

Alianza kwa kutia mawe chini ya magurudumu ya mbele, jambo ambalo nililidhania kuwa ni hadhari ya kupita kiasi mpaka aliponieleza kwamba breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu, bali hushika shafti ndefu iendayo nyuma, na gurudumu moja la nyuma likishainuliwa, difu huliacha lizunguke huru na breki hiyo haina tena nguvu ya kulizuia gari lisiteremke. Kisha akapandisha jeki na kuweka gogo la mkaratusi chini ya ekseli, kwa maana yeye haiamini jeki, na mtu akiliona kovu lililo begani mwake haulizi sababu. Akatoa gurudumu, akatoa dramu ya breki, akazifungua bolti zinazoishika hafu-shafti, akaivuta ikatoka nzima kama upanga utokao alani. Hii ni moja ya hekima za magari haya ya zamani: hafu-shafti kazi yake ni kuzungusha tu, na uzito wote wa gari huchukuliwa na kitovu, kile mafundi wetu wakiitacho habu, ambacho huzunguka juu ya beringi zake mbili kwenye ncha ya ekseli. Katika magari mengi ya siku hizi beringi ya nyuma hukandamizwa juu ya shafti yenyewe kwa mashine ya tani nyingi, na fundi wa Kapkatet asiye na mashine hiyo hana ikhtiari ila kuipeleka mjini au kuigonga kwa nyundo, na kuigonga ndiko kuiua kabla haijazaliwa.

Ndani ya kitovu zilijitokeza nati mbili kubwa, moja juu ya mwenziwe, na kati yake bamba jembamba ambalo ukingo wake hukunjwa juu ya nati ili isilegee. Safari ya kwanza bamba lile lilikunjuliwa na kukunjwa tena, kwa mara ya tatu au ya nne katika maisha yake, nami niliona kuwa ni uwekevu. Mara hii fundi alilitupa kwenye ndoo kabla sijafungua kinywa. Kisha kitovu kikavutwa nje, na humo ndani nikaiona shahamu, ile ambayo vijana huiita grisi. Ilipotiwa ilikuwa na rangi ya asali, na sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Fundi aliichota kwa kidole akaninyooshea. "Hii, Mwalimu, ni maji," akasema. "Umepita mto?"

Nilikuwa nimepita mto, naam, na si mmoja. Na hapa yafaa nieleze jambo ambalo ningalilijua mapema lingalinipunguzia gharama. Kitovu kilichosafiri huwa moto, na hewa iliyomo ndani yake huwa imetanuka. Kikizamishwa ghafula katika maji baridi ya Itare au ya Kipsonoi, hewa ile hunywea, na katika kunywea kwake huyavuta maji yapite kwenye mdomo wa sili kama mtoto avutavyo uji kwa mrija, hata kama sili hiyo haina umri mkubwa. Dereva mwenye akili husimama kwanza ng'ambo ya huku, akazungumza na watu, akaacha vitovu vipoe, ndipo akavuka. Na wale vijana waoshao magari kwa pampu yenye nguvu, ambao bunduki yao ya maji huielekeza moja kwa moja nyuma ya gurudumu kwa kuwa ndiko matope mekundu yaliko, hufanya kwa dakika mbili kazi ambayo mto ungeifanya kwa mwezi. Mimi sasa gari langu huoshwa kwa ndoo na tambara, nao hunicheka.

Nirudi kwenye banda. Beringi ya ndani, ile niliyoapa kwamba ni nzima, ilioshwa kwa mafuta ya taa mpaka chuma chake kikawa cheupe, kisha nikaamriwa niishike kwenye mwanga wa mlango. Juu ya kombe lake, yaani ile pete ya nje ambamo rola hukimbilia, palikuwa na michirizi myekundu ya kutu, iliyopangana kwa nafasi zilezile zilizoachana rola, kama mistari ya daftari: ishara kwamba gari lilisimama siku kadhaa na maji yalikuwa yamelala humo. Mtu hakuhitaji elimu kuisoma. Beringi ya nje, ile mpya ya wiki saba, hali yake ilikuwa mbaya zaidi: rola zake zilikuwa na rangi ya samawati, ambayo ni rangi ya chuma cha pua kilichopata moto mpaka ugumu wake ukakitoka, na kombe lake lilikuwa limemenyeka vipande kama chokaa ya ukuta ulioingia unyevu. "Na kombe hili," fundi akasema bila ya kuinua uso, "ni lile la zamani. Rola nilikutilia mpya. Kombe ulisema saa moja."

Maneno hayo manne ya mwisho yaliniingia kuliko mawaidha marefu. Kombe hukaa kwa kubana sana ndani ya kitovu, na kulitoa hutaka kipande cha shaba, nyundo, na uvumilivu wa kugonga upande huu kidogo na upande ule kidogo ili lisikwame kwa kupinda. Ndiyo sehemu ya kazi ilayo muda, na ndiyo ya kwanza kuachwa pale mwenye gari asimamapo juu ya fundi akitazama saa. Matokeo yake ni kwamba rola mpya huwekwa zikimbie katika njia iliyokwisha kuliwa na rola zilizokufa, kama kumvisha bwana harusi kanzu mpya juu ya kikoi kichafu, na juu ya hayo kitovu hakioshwi, na vumbi la chuma cha beringi ya kwanza hubaki humo likingoja kuila ya pili.

Mara hii makombe yote mawili yalitolewa. Yale mapya fundi aliyatia kwa kutumia kombe la zamani, alilolisaga kidogo ubavuni, kuwa kikandamizio. Na nilivyokuwa nimeketi pale nikausikia mlio wa nyundo ukibadilika, kutoka mlio mzito wa kitu kisafiricho hadi mlio mkavu, mwembamba, wa kitu kilichofika. Fundi hakugonga tena hata mara moja. Kisha akachukua shahamu mpya kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akawa akiisukuma beringi ukingo wake ndani ya kiganja kile, mara kwa mara, akiizungusha kidogo kila mara, mpaka shahamu ikajitokeza upande wa pili kati ya rola na rola kama mchele utokao kinuni. Robo saa kwa kila beringi. Mwanagenzi wake, kijana aliyekuwa akifanya mzaha tangu asubuhi, alinyamaza kimya katika muda huo, nami nikanyamaza.

Sehemu ya mwisho ndiyo iliyo nyeti kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi wetu hatujui kama ipo. Nati ya ndani haikazwi tu mpaka mkono uchoke. Hukazwa huku kitovu kikizungushwa kwa mkono ili rola zijipange, kisha hulegezwa, kisha husogezwa mpaka kitovu kibakiwe na nafasi ndogo ya kusogea mbele na nyuma, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao ni unene wa karatasi ya daftari la mwanafunzi. Ikikazwa kupita hapo, beringi hupata moto na kugeuka samawati. Ikilegezwa kupita hapo, gurudumu huyumba, sili hupigwa mdomo wake ukachanika, mafuta yakatoka yakalowesha breki. Fundi wangu ana kipimo cha saa alichopewa zama za karakana ya shamba, nacho hukihifadhi katika soksi. Alipima, akafungua, akapima, akafungua, mara ya tatu akakunja bamba juu ya nati. Kisha akahamia upande wa kushoto na kuyaanza yote upya, kwa kuwa, asemavyo, beringi za kushoto zimekunywa mto uleule. Tulipomaliza adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha na kuanuka.

Wasomaji huenda wakauliza kwa nini chuma kidogo hivyo kidekezwe namna hiyo. Jawabu limo katika umbo lake. Mwaka 1898 mtengenezaji wa magari ya farasi wa Marekani, Henry Timken, alipata hataza ya beringi ambayo rola zake si mviringo mnyoofu bali zimechongwa mfano wa pia, nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili. Na faida ya umbo hilo ni kwamba beringi moja huweza kuchukua mizigo miwili kwa pamoja, uzito ushukao kutoka juu na msukumo utokao ubavuni gari linapokata kona. Gololi tupu zisingeuhimili msukumo huo wa ubavuni hivyo. Lakini umbo la pia, kwa sababu hiyohiyo, halijipangi lenyewe: umbali wa rola na kombe lake hutiwa na mkono wa binadamu kwa nati ile. Basi katika nchi isiyo na kona wala mteremko pengine kazi mbovu ingeweza kujificha mwaka mzima; huku kwetu, kwenye vilima vya Konoin na Bureti, ambako barabara haisafiri mwendo wa dakika tano bila ya kupinda, ubavu wa beringi hauna siku ya mapumziko, na kazi mbovu hujifichua kabla ya mshahara wa pili.

Mimi nimezaliwa Lamu, ijapokuwa miaka yangu mingi nimeimaliza huku nikifundisha watoto wa wakulima wa chai, na katika utoto wangu nimepata kuketi pwani ya Matondoni nikiwatazama mafundi wa kalafati. Chombo hupandishwa mchangani, na fundi huketi ubavuni pake akishindilia pamba iliyoloweshwa mafuta katika kila mshono wa mbao, kwa patasi butu na nyundo, na hujua kwa mlio kama pamba imeshika. Sijapata kumsikia nahodha akimwambia mtu yule, "Tia kalafati mishono ya upande huu tu, na ifanye upesi." Sababu si ukarimu wa manahodha, ambao nawajua kuwa watu wa hesabu, sababu ni kwamba nahodha atakuwa ndani ya chombo hicho maji yatakapoingia, na analijua hilo, na watu wake wote wanalijua. Mwenye gari naye yumo ndani ya gari lake. Tafauti ni kwamba bahari huonekana, na beringi imefunikwa.

Kuna udhuru ambao husikika sana, nao ni vifaa bandia. Siukatai. Kenya ina sheria ya kupambana na bidhaa bandia tangu mwaka 2008, na mamlaka yake, na hata hivyo sanduku lenye jina la kampuni mashuhuri laweza kubeba chuma kisichostahili hata kuwa gololi ya kuchezea watoto. Mtu na akitazame chuma chenyewe, nambari zilizochorwa juu ya pete kama ni safi na sawasawa, na anunue kwa muuzaji ambaye kesho atamkuta dukani. Lakini nasema kwa ushahidi wa beringi yangu mwenyewe kwamba neno "bandia" limekuwa pazia zuri la kujifichia. Beringi yangu ya wiki saba ilikuwa halisi. Niliipeleka dukani, na mwenye duka, mtu mpole, akaigeuza mara moja akaniuliza, "Kombe lake liko wapi?" Kombe lake jipya lilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya sanduku, halijaguswa.

Wako pia wale ambao dawa yao ni fupi: magari haya yamezeeka, yaondolewe. Serikali yenyewe, husema, hairuhusu kuingiza gari lililopita umri wa miaka 8, basi haya yaliyozaliwa kabla ya mwalimu mkuu wa shule yafanya nini barabarani? Nami nakiri kwamba Land Rover, tangu ile ya kwanza iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, haijapata kusifiwa kwa kubana mafuta wala kwa upole wa kiti, na breki za dramu zilizolowa hazimpi mtu usingizi. Isitoshe, Probox imeliteka soko, na mtu aliyeiona ikipanda kwenda Roret na abiria ambao hesabu yao sitaitaja, pamoja na gunia la kabeji na mbuzi, hathubutu kuidharau. Hata hivyo kuna njia ambazo Probox husimama na kugeuza. Majani mabichi ya chai hayangoji. Yachumwapo asubuhi sharti yafike kiwandani siku hiyohiyo, ama yatapata joto ndani ya magunia na kuharibika, na mwezi wa Aprili, udongo wetu mwekundu ulowapo mpaka ukawa kama sabuni, mkulima aliye chini bondeni hulifikia lango la kituo cha kununulia kwa gari la magurudumu manne yenye nguvu, au kwa mgongo wa mkewe. Kumwambia mkulima huyo anunue gari jipya kwa bonasi ya Oktoba, ambayo kwa viwanda vya pande zetu za magharibi mwa Bonde la Ufa hulalamikiwa kila mwaka kwa udogo wake, ni maneno ya mtu ambaye hajapata kuisoma karatasi ya bonasi. Gari kuukuu litabaki. Lililo katika uwezo wetu ni namna litakavyobaki.

Na hilo latupeleka kwa fundi. Mwaka 1972 wajumbe wa Shirika la Kazi la Kimataifa walikuja Kenya, na ripoti yao ndiyo iliyoitangazia dunia kwamba watu wafanyao kazi vibandani na chini ya miti si wavivu wanaongoja ajira bali ni waajiriwa na waajiri. Miaka 20 baadaye, mwaka 1992, serikali ikatoa waraka wa sera uliotaja jua kali kwa jina lake. Sifa hizo zote zilikuwa za haki. Ila mimi naona tulilichukua jina la jua kali kwa upande usiofaa, tukaona kwamba kwa kuwa fundi hana paa, basi na kazi yake haina bei. Fundi wangu ana cheti cha mtihani wa ufundi cha daraja la kwanza, kimefungwa katika plastiki na kutundikwa juu ya benchi, na katika miaka yote niliyompelekea gari nilikuwa sijapata kukisoma. Nilipokisoma siku ile niliona haya, kwa maana na mimi ninacho changu cha ualimu ukutani, na hakuna mzazi aliyepata kuniambia nimfundishie mwanawe nusu ya hesabu kwa nusu ya karo.

Ninalopendekeza si jambo la kuundiwa tume. Vyama vya mafundi wa Kericho, Litein, Kapkatet, Sotik na Bomet vinaweza kukubaliana na kuandika kwa rangi juu ya ubao, mbele ya kila banda, kazi zijulikanazo na muda wake: beringi za nyuma, pande mbili, siku moja, na chini yake ujira wa siku hiyo. Mwenye gari akija apate kubishana na ubao, asibishane na mtu mwenye njaa ya mchana. Fundi atakayeandika siku moja kisha akamaliza kwa saa moja, naye ataulizwa makombe ya zamani yako wapi, na sharti ayatoe. Hili la mwisho naliona kuwa la maana zaidi: kila mwenye gari adai kupewa mkononi kila kilichotolewa, beringi na makombe na sili na bamba la nati, aende navyo nyumbani akavitazame kwenye mwanga wa mlango wake. Fundi wa kweli hatakasirika. Wangu alinifungia vyote katika gazeti kabla sijaomba.

Nakuomba wewe msomaji mwenye gari, utakaposikia uvumi ule nyuma yako kwenye mteremko, usianze kwa kuuliza beringi ni shilingi ngapi. Muulize fundi ataka muda gani, kisha mpe.

Gari langu limekwisha kupita masika mawili tangu siku ya kreti ya soda. Juzi, nilipofika Bomet kutoka Mogogosiek, niliteremka nikagusa vitovu vyote viwili vya nyuma. Vilikuwa vuguvugu, sawasawa kulia na kushoto.